Tantali na utando wake

Tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Rubaya, katika eneo la Masisi, Kivu Kaskazini, mwezi Aprili 2024, habari za koltani zimekuwa zikisikika mara kwa mara redioni hapa Mwanza, na maabara ndogo ya kupima sampuli za madini ninayofanyia kazi imeanza kupata wageni wa aina nyingine. Zamani karibu kila aliyefungua mlango alikuwa na shida moja tu, dhahabu. Siku hizi wapo wanaoingia na kopo au kiroba chenye mawe meusi mazito, wakitaka kuambiwa kama wameshika koltani. Vita na bei vinajadiliwa na kila mtu, kuanzia vibanda vya kahawa mpaka bungeni, kwa hiyo sitaviongeza maneno mengi. Ninachotaka kueleza ni metali inayotolewa kwenye koltani, yaani tantali, na kwa nini watafiti hawajaacha kuichunguza kwa zaidi ya karne mbili. Kwa maoni yangu, karibu faida zake zote zinatokana na jambo moja: utando mwembamba wa oksidi, yaani metali iliyoungana na oksijeni, unaoifunika mara tu inapokutana na hewa.

Lakini kwanza tuanze na jiwe, kwa sababu ndipo watu wengi wa Kanda ya Ziwa wanapoanzia. Mzee mmoja kutoka Kyerwa, mkoani Kagera, aliniwekea mezani jiwe jeusi linalong'aa kidogo kwenye kingo, akasema, "Mwanangu, lipime vizuri, nimeambiwa hii ni koltani." Nikamjibu, "Sawa, baba, ngoja kwanza tuliulize maji." Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine ya gharama. Jiwe hufungwa uzi na kupimwa uzito hewani, kisha hupimwa tena likiwa limening'inia ndani ya maji bila kugusa chombo. Tuseme lina gramu 142 hewani na gramu 120 majini. Tofauti ni gramu 22, na 142 ikigawanywa kwa 22 hupatikana msongamano wa karibu gramu 6.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Wengi wanaoletewa matumaini na madalali huishia hapa, kwa sababu mawe yao ni turmalini, ambayo ni nyeusi na ya kupendeza lakini msongamano wake hauzidi sana 3.

Koltani si madini mamoja yenye kipimo kimoja. Ni mfululizo wa madini yenye chuma, manganizi, niobi na tantali, na upande wenye niobi nyingi, unaoitwa kolumbiti, una msongamano wa karibu 5.2, ilhali upande wenye tantali nyingi, yaani tantaliti, hufika karibu 8. Kwa hiyo maji hayakwambii tu kama jiwe ni zito. Yanakudokezea pia ni kiasi gani cha uzito huo ni tantali, na hapo ndipo bei ilipo, kwani mnunuzi halipi kwa kilo ya mchanga mweusi bali kwa asilimia ya oksidi ya tantali iliyomo. Tatizo ni kwamba kasiteriti, madini ya bati, ina msongamano wa karibu 7, katikati kabisa ya mfululizo huo, na mara nyingi hupatikana katika miamba ileile. Kuzitenganisha kwa macho ni kujidanganya. Nasugua jiwe kwenye upande wa nyuma wa kigae cha kauri ambao haukung'arishwa: kolumbiti na tantaliti huacha mstari mzito wa kahawia nyekundu au mweusi, kasiteriti huacha mstari hafifu unaokaribia weupe. Kisha naleta sumaku yenye nguvu karibu na punje zilizosagwa. Punje za koltani husogea taratibu, za kasiteriti hubaki zimelala, na zile zinazoruka mara moja kuishika sumaku ni magnetiti, ambayo haimtajirishi mtu. Jiwe la mzee liliacha mstari uliofifia, na sumaku haikulisumbua. Lilikuwa bati safi, madini ambayo Kyerwa imeyachimba kwa vizazi, na nilimwambia asisikitike kwa sababu bati nalo lina soko. Baada ya hapo ndipo mashine ya eksirei inapokuja kuthibitisha asilimia.

Watu huniuliza pia kwa nini mawe yote haya yaliyojaa Mwanza, kuanzia Jiwe la Bismarck hadi vilima vya Bugando na Capri Point, hayana koltani, wakati Rwanda na Kivu wanayo. Mawe ya Mwanza ni matale ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ukanda wa bati na tantali uko magharibi yetu, unapita Karagwe na Ankole kuingia Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na matale yaliyouzaa yana umri wa takriban miaka bilioni moja. Sitaki msomaji afikiri kwamba umri wenyewe ndio sababu, kwa maana Wodgina na Greenbushes, migodi ya Australia Magharibi iliyowahi kutoa tantali nyingi, iko katika miamba mikongwe kama ya kwetu. Kinachohitajika ni magma ya matale iliyopoa polepole mno mpaka masalia yake ya mwisho, yenye maji, lithi, bati, niobi na tantali ambazo fuwele za mwanzo zilizikataa, yakajipenyeza kwenye nyufa na kuganda kama mishipa ya pegmatiti, yenye fuwele kubwa kuliko ngumi. Hali hiyo ilitokea kwa wingi upande wa magharibi. Huku kwetu miamba ilitupa dhahabu.

Kutoa tantali kwenye jiwe ni kazi iliyowashinda wanakemia kwa muda mrefu. Mwaka 1801 Mwingereza Charles Hatchett alitangaza elementi mpya aliyoiita kolumbi, na mwaka 1802 Mswidi Anders Gustaf Ekeberg akatangaza tantali, aliyoipata katika madini kutoka Ytterby nchini Uswidi na Kimito nchini Ufini. Mwaka 1809 William Hyde Wollaston, mtu aliyeheshimika sana katika kemia ya wakati wake, alilinganisha oksidi za wote wawili akahukumu kwamba ni kitu kimoja, na heshima yake ikafanya hukumu hiyo idumu zaidi ya miaka 30. Ni Heinrich Rose, Mjerumani, aliyeonyesha mwaka 1844 kwamba kulikuwa na elementi mbili, na akaipa ya pili jina la niobi. Mwaka 1866 Jean Charles Galissard de Marignac wa Uswisi akapata njia ya kuzitenganisha kwa kutumia tofauti ya myeyuko wa chumvi zake za floraidi, njia iliyotumika viwandani mpaka katikati ya karne ya 20.

Ugumu huo una sababu yake. Kwa kawaida elementi iliyo chini zaidi katika safu ya jedwali la elementi ina atomu kubwa kuliko iliyo juu yake. Kati ya niobi, namba 41, na tantali, namba 73, imejipenyeza familia nzima ya lanthanidi, ambayo elektroni zake za ndani hazikingi vizuri mvuto wa kiini. Matokeo yake atomu ya tantali imevutwa ndani mpaka ayoni zake zinalingana kwa ukubwa na zile za niobi. Kemia inayotegemea ukubwa na chaji haioni tofauti. Leo viwanda huyeyusha madini kwa asidi ya hidrofloriki, kisha huchuja tantali na niobi kwa vimiminika vya kikaboni, kimoja baada ya kingine, na mwishowe chumvi ya floraidi ya potasi na tantali huchemshwa pamoja na sodi iliyoyeyuka ili kupata unga wa metali. Asidi hiyo hupenya ngozi na kufuata kalisi ndani ya mwili. Mimi nimewahi kufanya kazi na asidi za kila namna, na hiyo ndiyo pekee ninayoiogopa hata ikiwa imefungwa. Sehemu kubwa ya utafiti wa uchenjuaji duniani sasa inatafuta namna ya kuiepuka.

Metali safi inayoweza kufuliwa na kuvutwa kuwa waya ilipatikana mwaka 1903, pale Werner von Bolton alipoitengeneza katika kampuni ya Siemens & Halske mjini Berlin. Kwa miaka michache nyuzi za tantali ziliwaka ndani ya taa za umeme, mpaka tangsteni ilipozifukuza. Hata hivyo namba zake bado ni za kustaajabisha: msongamano wa karibu 16.6, zaidi ya mara mbili ya chuma, na kuyeyuka kwenye nyuzi joto 3,017 za Selsiasi, ambako miongoni mwa metali ni tangsteni, reni na osmi tu zinazoizidi. Ikiungana na kaboni huvuka hapo: mwaka 2016 watafiti wa Imperial College London walipima kabidi ya tantali kwa leza wakapata kwamba huyeyuka kwenye nyuzi 3,768. Pia huchanganywa kwa asilimia ndogo katika aloi za nikeli za mapanga ya injini za ndege. Lakini joto si sifa kuu ya tantali. Ukiipasha moto hewani bila kinga italiwa na oksijeni zamani kabla ya kuyeyuka.

Turudi kwenye utando. Tantali ikiguswa na hewa hujifunika, kwa kufumba na kufumbua, oksidi yenye unene wa nanomita chache, ngumu, isiyo na nyufa, iliyoshikamana na metali hasa. Ukiikwaruza hujifunga tena. Wafanyabiashara wa dhahabu wa hapa wanajua mchanganyiko wa asidi ya nitriki na ya haidrokloriki, ule unaoyeyusha dhahabu ya Geita mpaka ikawa maji ya njano. Tantali ikitumbukizwa humo hutoka kama ilivyoingia. Ndiyo maana viwanda vinavyochemsha asidi kali hutengeneza mabomba na vipoza mvuke kwa tantali, licha ya bei yake. Adui zake ni wachache na wanajulikana: asidi ya hidrofloriki, kwa sababu floraidi huyeyusha utando wenyewe, magadi makali yakiwa moto, na haidrojeni, ambayo huingia ndani ya metali na kuifanya ivunjike kama kioo. La mwisho hutokea hasa pale tantali inapogusana na metali nyingine ndani ya asidi, na wahandisi waligundua kwamba kipande kidogo cha platini kikibandikwa juu yake, haidrojeni hupata njia rahisi ya kutoka na tantali inapona.

Utando huo huo ni kihami bora cha umeme, na hapa ndipo soko kubwa la tantali lilipozaliwa. Fundi mmoja wa mitaa ya Makoroboi, anayetengeneza kompyuta mpakato na televisheni, hunitunzia kapasita za tantali, vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme, anazozitoa kwenye bodi zilizokufa. Ni vipande vidogo vya njano au vyeusi, vyenye urefu usiozidi milimita 8, na kila kimoja kina mstari upande mmoja. Mstari huo huonyesha upande chanya, wakati kwenye kapasita za kawaida za alumini mstari huonyesha upande hasi, na fundi anasema ameokoa vijana wengi waliokuwa karibu kuzibandika kinyume. "Hii ukiigeuza, bosi, haikuchelewi, inawaka moto," aliniambia huku akiigusa kwa ncha za mita kutafuta shoti, na bodi ikiwa mezani bado inanuka risasi ya kulehemu.

Ndani ya kipande hicho kuna kazi ya ajabu. Unga laini wa tantali hugandamizwa kuzunguka waya wa tantali, kisha huchomwa ndani ya ombwe mpaka punje zishikane bila kuyeyuka. Kinachopatikana ni kidonge chenye matundu tele ndani kama kitumbua. Kidonge huzamishwa katika myeyusho wa asidi na kupitishiwa umeme, na oksidi hukua juu ya kila ukuta wa kila tundu, takriban nanomita 2 kwa kila volti moja. Hiyo ina maana kwamba mwenye kiwanda huchagua unene wa kihami kwa kugeuza kitufe cha volti, jambo ambalo vihami vingi haviruhusu. Oksidi hiyo huhifadhi chaji kama mara 27 kuliko ombwe la unene uleule. Nilipiga hesabu ya kapasita moja ya mikrofaradi 100 iliyokuzwa kwa volti 30: unene wa utando ni nanomita 60 hivi, na eneo linalohitajika ni kama sentimita za mraba 250, zaidi ya theluthi ya karatasi ya A4, yote imekunjwa ndani ya kitu kinachopotea mkononi.

Upande wa pili wa kapasita hauwezi kuwa metali, kwa sababu metali haifiki ndani ya matundu madogo kiasi hicho, kwa hiyo watafiti wa Bell Labs katika miaka ya 1950 walitumia oksidi ya manganizi: kidonge huloweshwa katika nitrati ya manganizi na kuchomwa mpaka oksidi nyeusi ijae ndani. Ilikuja na bahati ambayo haikutarajiwa. Pale utando unapokuwa na kasoro, mkondo hupita, joto hupanda mahali hapo, na oksidi ya manganizi hubadilika kuwa aina isiyopitisha umeme vizuri, hivyo kasoro inajiziba. Kasoro ikiwa kubwa mno, oksidi hiyo hiyo hutoa oksijeni na kuchochea moto, ndio ule anaouzungumzia fundi wangu. Tangu miaka ya 1990 kapasita nyingi hutumia polima zinazopitisha umeme, ambazo haziwaki kirahisi.

Naomba hapa nipinge maneno yanayorudiwa kila mahali kwamba simu zetu zimejaa koltani. Yalikuwa na ukweli zaidi mwaka 2000, bei ya tantali ilipopaa. Tangu hapo kapasita za kauri zimechukua nafasi nyingi ndani ya simu. Tantali iliyomo kwenye simu ya leo mara nyingi iko katika vichujio vya mawimbi vilivyotengenezwa kwa fuwele za tantalati ya lithi, na ndani ya vichipu, ambako tabaka la tantali huzuia shaba isisambae kwenye silikoni. Kapasita zenyewe zinatafutwa zaidi pale ambapo kufa kwa kifaa hakuvumiliki: vifaa vya moyo, setilaiti, mitambo ya magari. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayozitaka kampuni zieleze asili ya bati, tantali, tangsteni na dhahabu inaitaja Kongo pamoja na nchi zote zinazopakana nayo, na Tanzania imo. Hivyo dhahabu ya Geita na bati ya Kyerwa huulizwa maswali yaleyale yanayoulizwa koltani ya Rubaya, na mchimbaji asiye na karatasi za asili ya mzigo wake huumia bei hata kama hajawahi kuona bunduki.

Katika tiba utando hufanya kazi nyingine: mwili hauoni tantali kuwa ni kitu kigeni cha kupigana nacho. Gerald Burke wa Kanada aliieneza katika upasuaji mwaka 1940, na katika Vita Kuu ya Pili vibati vyake vilifunika mafuvu ya askari waliojeruhiwa. Ugumu wake ulikuwa kikwazo kwa mifupa mingine, maana kipandikizi kigumu hubeba mzigo wote, na mfupa usiobebeshwa mzigo hudhoofika. Jibu lililopatikana baadaye ni tantali yenye matundu, inayotengenezwa kwa kuipaka tantali kutoka kwenye mvuke juu ya kiunzi cha kaboni. Matundu huchukua asilimia 75 hadi 80 ya ujazo, ugumu hushuka hadi karibu gigapaskali 3 kutoka 186 za metali nzima, na mfupa hukua ukiingia ndani. Kasoro yake ni kwamba huzuia eksirei mno, kwa hiyo daktari haoni vizuri kilicho nyuma yake.

Kuna jambo moja la fizikia ambalo halina faida ya soko lakini siwezi kuliacha. Katika kila atomu 100,000 za tantali ya asili, takriban 12 ni za isotopu (aina ya atomu yenye uzito wake) ya tantali-180 ambayo kiini chake kimechangamshwa, yaani kina nishati ya ziada, na kimekaa hivyo tangu kabla dunia haijaumbika. Kiini hicho kikiwa katika hali yake ya chini hufifia kwa nusu uhai wa saa 8 hivi, yaani muda wa nusu ya viini kugeuka kuwa elementi nyingine. Kilichochangamshwa, kinyume na tunavyotarajia, hakijawahi kuonekana kikififia. Watafiti wameweka tantali kando ya vipima mionzi kwenye kina kirefu cha mgodi wa zamani wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, wakisubiri, na bado wanasubiri.

Utafiti unaosisimua zaidi leo uko kwenye kompyuta za kwanta, zinazopiga hesabu kwa kutumia tabia za ajabu za ulimwengu wa chembe ndogo mno. Tantali ikipoozwa chini ya kelvini 4.5 hupitisha umeme bila ukinzani wowote, lakini niobi hufanya hivyo vilevile na kwenye joto la juu zaidi, kwa hiyo kwa miaka mingi saketi hizo zilitengenezwa kwa niobi na alumini. Mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Princeton, likiwamo Andrew Houck na Nathalie de Leon, lilibadilisha niobi kwa tantali na kupata saketi zilizohifadhi hali yake ya kwanta kwa zaidi ya milisekunde 0.3. Mwaka 2025, kwa kuiweka tantali juu ya silikoni safi badala ya yakuti, walivuka milisekunde 1. Sababu ni utando tena: niobi huota oksidi za aina kadhaa zilizochanganyika, zinazonyonya nishati, ilhali tantali huota moja iliyo nadhifu, na inavumilia kuoshwa kwa asidi kali zinazoondoa uchafu wa kiwandani.

Hata hivyo vipimo vimeonyesha kwamba sehemu ya nishati inayobaki kupotea inapotelea ndani ya oksidi ya tantali yenyewe. Katika maabara ya taifa ya Brookhaven, Marekani, watafiti wamefunika tantali kwa tabaka jembamba sana la magnesi kabla haijakutana na hewa, ili oksijeni ikamatwe na magnesi na utando wa tantali usipate nafasi ya kuota.